Patipati Sio Ethi

Juzi niliweka video fupi ya shawa ya maji moto kwenye ploti moja hapa Obunga. Ile shawa mnaijua: kichwa cha plastiki nyeupe, waya tatu zinatoka shingoni. Mbili zimeungwa kwa stima. Ya tatu, ya kijani, imekatwa na kukunjwa juu kama mkia wa panya. Niliuliza tu, hii ya kijani ilikuwa ya nini? Komenti iliyopata laiki nyingi kuliko video yenyewe ikasema: "Omera, vaa patipati uoge, wacha kelele."

Ya pili ikasema Kisumu ni joto, watu wa Obunga wanataka maji moto ya nini. Ya tatu ikauliza kama nilimaliza chuo.

Huyu wa tatu nimmalize haraka. Sikumaliza. Niliacha uhandisi wa umeme mwaka wa pili, karo ikakataa. Endelea kusoma tu, kwa sababu karibu kila kitu hapa chini kiko kwenye fizikia ya sekondari, na stima haijawahi kumuuliza mtu digrii kabla ya kumpiga.

Hao wengine wawili ndio nina shida nao. Patipati si ushauri wa usalama. Ni njia ya landilodi kukuuzia maji moto kwa bei ya maji moto, halafu kukuachia wewe kazi ya kutokufa. Na sisi tumekubali hiyo biashara mpaka tunaifundisha watoto wetu kama vile tunawafundisha kunawa mikono.

Nianze na wa joto. Ndugu yangu, umeshaamka saa kumi na moja asubuhi mwezi wa Julai ukamwagia mtoto wa miezi mitatu maji ya tangi? Umeshamwogesha nyanya mwenye magoti mabovu? Na Obunga tuko na sababu yetu wenyewe, ambayo mtu wa Milimani hawezi kuiwaza. Viwanda vya samaki vinakata minofu ya mbuta inaenda ng'ambo. Kichwa na mifupa vinabaki, na hivyo ndivyo vinakuja kwetu: mgongo wazi. Nusu ya kina mama ninaowajua hapa wamesimama mbele ya karai la mafuta yanayochemka tangu asubuhi, moshi usoni, mafuta ya samaki mpaka kwenye nywele. Hayo mafuta hayatoki na maji baridi. Jaribu. Sabuni inateleza juu yake na harufu inapanda matatu na wewe. Kwa mama wa mgongo wazi maji moto si anasa, ni kifaa cha kazi kama vile kijiko chake cha kugeuzia.

Zamani alichemsha kwa jiko la makaa. Makaa yakapanda. Halafu ikaja koili, kile chuma kilichojikunja unachotumbukiza kwa ndoo na kuchomeka kwa soketi. Koili haina kitu cha kupima joto, haina cha kuizima maji yakichemka, na nyingi haina waya ya tatu kabisa. Kinachokulinda ni kumbukumbu yako tu kwamba usiingize mkono kabla ya kuchomoa. Na mtoto wa miaka minne hana hiyo kumbukumbu. Kwa hivyo nakubali, shawa ilipokuja ilikuwa hatua mbele. Mimi sipingi shawa. Napinga shawa iliyofungwa kama koili.

Sasa twende ndani ya hiyo plastiki.

Shawa za aina hii asili yake ni Brazil, zilianza kutengenezwa huko miaka ya 1930, na mpaka leo mamilioni ya Wabrazili wanaoga nazo. Maji yakifunguliwa, presha inasukuma kipande cha mpira ndani, kile kinafunga viunganishi, stima inapita kwenye waya uliojikunja kama springi, maji yanapata moto yakipita. Maji yakikatika, mpira unarudi, stima inakatika. Ni ujanja mzuri. Ila kwenye nyingi ya shawa hizi huo waya unaopata moto uko uchi. Umekaa ndani ya maji hayo hayo yanayokuangukia kichwani. Soma hiyo sentensi tena.

Kwa hivyo kila wakati kuna stima kidogo inayovuja kupitia maji. Maji yakiwa ya kisima yenye chumvi, inavuja zaidi, kwa sababu chumvi inapitisha stima. Mtengenezaji anajua. Ndiyo maana ameweka ile waya ya kijani. Kazi yake ni kuipokea hiyo stima iliyovuja kabla haijakufikia na kuipeleka ardhini, kwenye nondo ya shaba iliyopigwa chini nje ya nyumba. Hiyo ndiyo ethi. Ethi si pambo wala waya wa akiba, na fundi anayeikata kwa sababu "inafanya kazi hata bila" anasema ukweli nusu. Maji yatapata moto, ndiyo. Ila sasa hiyo stima iliyovuja imenyimwa njia, na inatafuta njia nyingine. Njia iliyobaki bafuni ni wewe.

Hesabu yake ni ya Ohm. Stima yetu ni volti 240. Mwili uliolowa, tuseme una ukinzani wa omu 1,000. Gawanya: ampia 0.24, yaani miliampia 240. Kwa karibu miliampia 10 misuli ya mkono inakaza na huwezi kuachilia ulichoshika. Kuanzia miliampia 50 hivi, ikipita kifuani kwa sekunde moja au mbili, moyo unaweza kupoteza mdundo. Huhitaji 240 zote. Robo yake inatosha.

"Lakini si kuna breka?" Hili swali naulizwa kila siku na ndilo linanifanya niumwe na kichwa. Breka inalinda waya wa ukutani usishike moto. Haikulindi wewe. Breka ya ampia 32 inasubiri mpaka zipite zaidi ya ampia 32 ndio ikate. Wewe unakufa kwa 0.1. Kwa hiyo breka itakaa hapo ikikuangalia, na bili itaandikwa.

Na hata ukiwa na nondo ya shaba, usilale. Tuseme nondo yako iko na ukinzani wa omu 50 kwa udongo ulipopigwa. 240 gawanya 50 ni ampia 4.8. Waya ya moto ikigusa chuma kabisa, zitapita ampia 4.8 kwenda ardhini, na breka ya 32 haitashtuka hata kidogo. Kinachoshtuka ni kidude kingine kinaitwa RCD. Hiki kinalinganisha stima inayoenda na inayorudi. Zikienda ampia 23 na zikarudi pungufu kwa miliampia 30, kinajua kuna mahali zinavuja, na kinakata kabla hujamaliza kusema "uwi". Kidude kimoja. Kiko madukani hapa Kisumu, si kitu cha kuagiza Dubai.

Fundi atakwambia RCD inasumbua, kila ukifungua shawa inakata. Ni kweli, nimeona. Na sababu ni ile ile niliyosema: ile waya iliyo uchi ndani inavujisha, na RCD inasema hivyo kwa sauti. Fundi anafanya nini? Anaondoa RCD. Ni kama mtu ana homa, kipimo kinasoma 40, unavunja kipimo. Dawa yake ni shawa yenye waya uliofunikwa ndani ya bomba la chuma, zile wanaziuza kwa jina la shawa za maji ya chumvi. Bei iko juu kidogo. Hapo ndipo kila mtu anaanza kukohoa.

Sasa niwaambie ilivyokuwa kwenye ploti moja niliyokaa, siitaji kwa jina. Vyumba kumi na kitu, bafu moja, tangi juu ya mabati. Landilodi akaweka shawa na kila chumba kikaongezewa kodi mwezi uliofuata. Wiki haikuisha, watu wakaanza kusema mfereji unatekenya. Unajua ile, unashika kufunga maji na mkono unahisi kama sisimizi wanapita ndani ya mfupa. Nikaenda kwa keateka, mzee wa heshima zake, nikamwambia, "Jaduong', hii shawa haina ethi." Akaniuliza, "Kijana, wewe ndio fundi ama uko na shida na kodi?"

Siku chache baadaye mama mmoja jirani, wa mgongo wazi, akashika mfereji na mkono ukakataa kuachilia. Alianguka, na kuanguka ndiko kulikomwokoa kwa sababu uzito wake ulimng'oa. Bega likatoka. Alikaa bila kazi karibu mwezi, na kazi yake ni ya siku kwa siku. Landilodi alifanya nini? Alituma karatasi ikabandikwa kwa mlango wa bafu, imeandikwa kwa kalamu nene: VAENI VIATU MKIOGA. Hiyo tu ndiyo matengenezo yaliyofanyika. Mpaka nikahama, kodi ilikuwa ile iliyoongezwa, na karatasi ilikuwa imelowa maji lakini bado inasomeka.

Mniangalie vizuri hapo. Hiyo karatasi inasema landilodi anajua. Mtu asiyejua haandiki tangazo. Na inamaanisha siku mtu atakufa, jibu litakuwa tayari: si tuliwaambia mvae viatu.

Na patipati zenyewe hazifanyi hiyo kazi. Mpira mkavu kwenye sakafu kavu, sawa, unazuia. Lakini bafuni mpira umelowa juu, umelowa chini, maji yana sabuni, yanapita pembeni ya mguu mpaka sakafuni bila kuuliza patipati. Halafu stima si lazima ipite miguuni. Mkono mmoja kwa mfereji wa chuma, bega kwenye ukuta uliolowa, imepita kifuani na miguu yako haijahusika hata. Patipati iliyobaki nayo inafanya kitu kibaya zaidi: inapunguza ule mtekenyo. Ule mtekenyo ndio ulikuwa unakuambia kuna hatari. Unavaa patipati, hausikii kitu, unasema shawa imepona. Halafu siku moja mtoto anaingia miguu mitupu.

Tuongee kuhusu swichi, kwa sababu hapa ndipo hata watu wajanja wanadanganywa.

Shawa inatakiwa iwe na swichi yake peke yake, ile kubwa yenye taa nyekundu, na inayokata waya zote mbili kwa pamoja, laivu na nyutro. Swichi ndogo ya taa inakata waya moja. Sasa fundi wa haraka akichanganya, akaweka hiyo moja kwenye nyutro, utaona maajabu: ukizima, maji yanakuja baridi, taa imezimika, kila mtu ameridhika. Lakini moto bado uko ndani ya shawa. Umekaa pale unasubiri njia ya kurudi. Keateka anapanda kwenye kiti kufungua shawa iliyoziba, amezima swichi kwa mkono wake mwenyewe, anaingiza bisibisi. Huyo ndiye anayekufa akiwa ametii sheria zote alizoambiwa.

Ndiyo maana sipendi swichi ya ncha moja popote karibu na maji. Na isiwe ndani ya bafu mahali unaweza kuifikia ukiwa umelowa. Huwa naangalia sana video za mafundi wa Uingereza wakiunga mifumo yao ya kupasha nyumba joto na maji. Kule nyumba moja ina kipima joto cha ukutani, kingine kwenye tangi la maji moto, vali za mota zinazofunguka zenyewe, na saa ya kupanga muda. Waya kumi na kitu kwenye kisanduku kimoja, ukiangalia unaweza kulia. Lakini huo mfumo wote wa kuendesha unalishwa kupitia sehemu moja yenye fyuzi ya ampia 3. Ukizima hapo, vyote vimekufa, hakuna waya mmoja wa udhibiti uliobaki na moto wa siri. Na shawa za stima kule swichi yake mara nyingi iko kwenye dari na inavutwa kwa kamba, mkono uliolowa usiguse kitu. Tangu 2005, England na Wales, kazi ya stima bafuni iko chini ya kanuni za ujenzi, si ya kila mwenye koleo. Wenzetu wana baridi ya kuua na mfumo mgumu, lakini mpangaji haambiwi avae viatu.

Sisi mfumo wetu ni waya tatu. Tatu! Na tumeshindwa na moja.

Waya zenyewe pia. Shawa ya wati 5,500, gawanya kwa 240, ni karibu ampia 23. Kama imeandikwa volti 220, kwa 240 yetu inavuta hata zaidi. Waya wa 1.5 ni wa taa. Wa 2.5 ni wa soketi. Shawa inataka waya mnene, mafundi wazuri wanaweka 6, unatoka moja kwa moja kwa sanduku la breka na haugawanyi na kitu kingine. Sasa nenda kwenye hizi ploti, inua jicho juu ya bafu. Utaona waya wa taa umekatwa, umeungwa kwa tepu, umeingia shawani. Ukitumika unapata joto, plastiki inalainika, na umepita juu ya mbao au umetobolewa kwa mabati yenye makali. Breka ya ampia 10 ikianza kukata, kama inavyopaswa, fundi anaitwa tena. Anaitoa, anaweka ya 32. "Imepona." Hapo amemzima mlinzi na kuacha mlango wazi.

Kuna wale wanaojaribu ethi ya kuigiza, na hao wananikera kuliko asiyefunga kabisa. Mmoja anafunga waya ya kijani kwenye bomba la maji. Hiyo ilikuwa na maana enzi za mabomba ya chuma yaliyozikwa ardhini. Leo bomba ni plastiki mpaka barabarani, umefunga ethi kwenye kikombe. Mwingine anagonga msumari ukutani. Mwingine, mjanja kabisa, anaunganisha ya kijani na nyutro hapo hapo ndani ya shawa. Inaonekana safi mpaka siku nyutro inakatika huko nje, na siku hiyo kila chuma kilichoungwa na hiyo waya kinakuwa laivu.

Najua mafundi watanijia. Nawaheshimu. Wengi wao ni vijana wa rika langu, wamejifunza kwa kubeba ngazi ya mtu mwingine, na landilodi anawapa pesa ya kuku halafu anataka shawa iwake kabla ya jioni. Fundi akisema inahitajika waya wa 6 na RCD, landilodi anamtafuta fundi mwingine. Soko linamlipa anayekata ya kijani. Kwa hivyo msinisikie kama nalaumu aliyeshika koleo peke yake. Aliyeshika pesa ndiye alichagua.

Na serikali? Kwa karatasi tuko vizuri. Tuko na Sheria ya Nishati ya 2019. Tuko na EPRA, inayotoa leseni kwa mafundi wa umeme kwa madaraja, kuanzia C2 kupanda mpaka A1. Kabla mita haijawekwa, fundi mwenye leseni anatakiwa atie sahihi cheti kwamba kazi imekamilika sawasawa. Nzuri sana. Sasa niambie, siku hiyo ya cheti shawa ilikuwa wapi? Haikuwepo. Siku hiyo kulikuwa na taa mbili na soketi. Shawa imekuja miaka miwili baadaye, Jumapili jioni, imefungwa na mtu ambaye hakuna anayejua jina lake lote. Ukaguzi wetu unaangalia nyumba siku inazaliwa halafu unaaga. Kuna nyumba za mitaa kama yetu zilizounganishwa kwa shilingi 1,160, zikapewa redibodi, ile ya balbu na soketi mbili. Ni mradi mzuri, mimi naupenda, ulitoa watu kwenye koroboi. Lakini kitu kilichotengenezwa kwa balbu na redio leo kimechomekewa koili, na hakuna aliyerudi kuangalia.

Halafu kuna ile kanuni ya 2012 ya kupasha maji kwa jua. Ilisema jengo linalohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku liweke mtambo wa sola, na majengo yaliyokuwepo yakapewa miaka mitano. Watu walipoisoma waliwaza hoteli na fleti za mabwana. Mimi nawaza hivi: ploti ya watu kumi, kila mmoja lita 15 za beseni, ni lita 150. Kwa hesabu ya lita, sisi tulikuwa tumepita. Na jua la Kisumu si mlijua nyinyi wenyewe mnaosema kuna joto? Mbona hilo joto mnalitumia kutunyima shawa salama tu, hamlitumii kupasha tangi?

Kwa wanaolia tokeni, hesabu nyingine ya bure. Dakika tano za shawa ya wati 5,500 ni karibu nusu uniti. Watu wawili kila siku kwa mwezi ni uniti 27 na nusu. Tangu 2023 bei ya chini kabisa ni ya wanaotumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi, kwa hivyo shawa peke yake imekula karibu zote kabla hujawasha balbu. Beseni la lita 15, kutoka joto la tangi mpaka la kuogea, halifiki theluthi moja ya uniti. Sisemi msioge shawa. Nasema mnalipa pesa halisi kwa kitu hiki, kila mwezi, kwa mita na kwa kodi. Mteja anayelipa ana haki ya waya ya tatu.

Landilodi ataniambia, nikifunga hayo yote nitaongeza kodi tena. Mzee, uliongeza tayari. Uliongeza siku ulipoandika "maji moto" kwa bango. Ulichouza ni maji moto, hukuuza bahati nasibu. Na ungeuza matatu bila breki ungesema abiria washikilie viti?

Kuhusu kushtaki, nisiwadanganye. Sheria ya kudhibiti kodi inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango cha enzi za wazazi wetu wakiwa shule. Chumba kikishawekwa shawa, kodi inaruka hapo kwa urahisi, na wewe unaruka nje ya hiyo sheria nayo. Kwa hivyo nguvu tuliyonayo ni kuwa wengi. Mpangaji mmoja akilalamika anaambiwa ahame. Vyumba kumi vikisema kwa pamoja kwamba hiyo nyongeza ya maji moto haitalipwa mpaka ethi, swichi ya ncha mbili na RCD viwepo, na fundi aonyeshe leseni yake ya EPRA, hapo kuna mazungumzo. Hatujakataa kodi. Tumekataa nyongeza ya kitu ambacho hatujapewa.

Kama leo jioni ukishika mfereji ukasikia kutekenywa, hata kidogo, toka. Usijaribu tena ukiwa na patipati kuona kama imepungua. Zima swichi kuu ya ploti, si ile ya bafuni, kwa sababu sasa unajua ile ya bafuni inaweza kudanganya. Ukikuta mtu ameshikwa, usimguse kwa mkono. Kata stima kwanza, ukishindwa msukume kwa mbao kavu. Mwandikie landilodi ujumbe, usipige simu, ili tarehe ibaki. Piga picha ya shingo ya shawa waya zikionekana, bila kugusa kitu. Waambie wenye watoto kabla hujaniambia mimi. Na mpaka fundi wa leseni apite, watoto waogeshwe kwa beseni, maji ya jiko.